Semi iliyokata nguvu kabla ya Kitonga: maji kwenye dizeli, kuanzia dalili mpaka yalikoingilia

Hiki kisa nakiandika kirefu makusudi, maana kila masika ikichanganya simu za namna hii zinakuja nyingi, gari inakohoa, inakata nguvu, inazima, fundi wa kwanza anasema upepo, yaani hewa imeingia kwenye njia ya dizeli, wa pili anasema pampu imekufa, na mwenye gari aliyeko Dar anaanza kuhangaikia hela ya pampu wakati hata koki ya kumwagia maji chini ya filta haijafunguliwa. Na sio kwamba mafundi hatujui kumwaga maji, kumwaga tunajua sana, shida yetu gari ikishawaka tunaona kazi imeisha, hatuulizi haya maji yaliingilia wapi, kesho kutwa gari iko pembeni ya barabara tena na safari hii imeshakula nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini.

Gari yenyewe ni semi ya zamani, silinda sita, pampu ile ya mstari, sio komoni reli, mfumo wa kisasa wenye presha kubwa sana, ina mzigo wa kwenda Tunduma. Ina matenki mawili ya dizeli. La kulia ndo lilikuja na gari, la kushoto limeongezwa hapa hapa nchini, bati limekunjwa gereji likachomelewa, na kati yake wameweka valvu ya mkono ya kuchagua unatumia tenki lipi. Ukiigeuza inabadilisha njia zote mbili kwa pamoja, ya dizeli inayokwenda kwenye injini na ile ya riteni inayorudi. Hiyo valvu ishikeni kichwani.

Wamejaza matenki yote sheli moja kabla ya kutoka Dar, usiku, mvua inanyesha. Chalinze, Morogoro, Mikumi, gari inatembea vizuri kabisa. Ilipoacha Mikumi ikaanza kumisi kwenye vimlima, tambarare inakaa sawa, ukiipa mzigo inakohoa. Kufika Ruaha Mbuyuni ikatoa moshi mweupe, ikapungua, ikazima. Fundi wa pale akaja, akafungua skurubu ya kutolea upepo, kweli mapovu yakatoka, akapampu, ikawaka, wakaondoka, hata vibanda vya vitunguu hawajavimaliza ikazima tena. Akarudia, ikawa vilevile. Ndo akampigia bosi kumwambia pampu imechoka, haivuti. Bosi akanipigia mimi nikiwa Iringa, "fundi, teremka kaishushe hiyo pampu uipandishe hapo mjini ikapimwe".

Kabla sijachukua spana yoyote nikaomba niongee na dereva. Dereva mtu mzima, barabara hii anaijua kuliko mimi. Akaniambia, "Fundi, hamna cha pampu hapa, ile sheli wametuuzia maji." Nikamuuliza mzee, kuna kitu chochote mlikigusa kabla haijaanza? Akasema hamna, walipumzika tu Mikumi wakala wakaondoka. Nasikia kwa nyuma sauti ya tingo, "Si tulihamia tenki la kushoto pale?" Hapo mimi tayari nilikuwa na mashaka makubwa na ile safari ya kushusha pampu.

Maana fikirieni wenyewe. Dizeli ni ileile, sheli ileile, usiku uleule. Tenki la kulia limewatoa Dar mpaka Mikumi bila kukohoa hata mara moja, wamegeuza valvu, haujapita muda gari inaumwa. Sheli ikiwa na maji mengi huwa hauugui peke yako. Kule India mji wa Ratlam, Juni 2025, msafara wa waziri mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh ulijazwa dizeli kwenye sheli moja, magari 19 yakagoma kwa mpigo, mengine ikabidi yasukumwe, wakakuta maji kwenye mafuta. Maji ya sheli yanakuja hivyo, wote mliojaza pale mnakutana njiani mmefungua boneti. Sasa hapa tenki moja zima, lingine gonjwa. Sikusema sheli haina kosa, nilisema tuangalie kwanza.

Nimefika pale kitu cha kwanza nikaenda kwenye filta ya kwanza, ile yenye kikombe cha kuonyesha maji kwa chini. Kimetengenezwa kiwe kinaonyesha ndani, lakini cha gari hii kilikuwa kimeshika masizi na vumbi la mafuta mpaka kimekuwa cheusi tii, hata ukimulika tochi huoni kitu. Maana yake hicho kikombe hakijatazamwa muda mrefu sana. Nikamwambia tingo anitafutie chupa ya maji ya kunywa, ile ya plastiki isiyo na rangi, tukaikata shingo, nikaiweka chini ya koki.

Injini imezimwa, swichi imetolewa. Nikafungua koki, hakuna kilichotoka. Hapa ndo wengi wanapokosea, koki haitoi kitu basi mtu anasema hakuna maji, anaifunga, anaendelea na mengine. Hii filta iko upande wa kunyonya, juu imefungwa haipitishi hewa, kwa hiyo kilichomo kinashikiliwa na ile nguvu ya kunyonya, hakishuki. Legeza skurubu ya upepo pale juu kidogo tu ipate pumzi. Nikalegeza, kikaanza kushuka. Kilichotoka mwanzo kilikuwa cha kahawia, rangi ya kutu, halafu kikafuata kitu chembamba kina utelezi mweusi, halafu ndo ikaanza kuja dizeli, lakini dizeli yenyewe imepauka kama uji wa wagonjwa.

Tukaiacha chupa imetulia juu ya bampa. Lita moja ya dizeli ina uzito kama gramu 830 hivi na lita ya maji ni gramu 1,000, kwa hiyo ukiyaacha yatulie maji yanakaa chini yenyewe, hayahitaji mtaalamu. Baada ya muda mstari ukajichora, chini maji machafu, juu dizeli, na pale katikati yanapokutana kuna kile kitelezi. Hicho ni vijidudu, fangasi na bakteria, vinaishi kwenye maji na chakula chao ni dizeli, ndo maana viko pale mpakani. Ukiviona jua maji hayajaingia jana. Maji ya jana huja masafi. Yaani chupa peke yake ilikuwa imeshaanza kuitoa sheli kwenye kesi.

Kama una wasiwasi ile ya chini ni maji au ni nini, chukua tone la rangi ya chakula ya maji udondoshee, ikifika kwenye maji itachanganyika, kwenye dizeli itapita kama kigololi bila kuchanganyika. Na kuna watu wanachanganya hii na uchakachuaji. Mafuta ya taa ukiyachanganya na dizeli hayajitengi hata ukeshe unayaangalia, chupa haitakusaidia, kule ndo kulifanya EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta, walete vinasaba, alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Maji hayahitaji maabara, yanajitangaza yenyewe.

Sasa yule fundi wa kwanza alikosea wapi, na namtetea kidogo kwa sababu mapovu aliyaona kweli. Karatasi ya filta ikishalowa maji inavimba, dizeli inapita kwa shida, pampu ya kuvutia inazidi kunyonya kwa nguvu, na ikinyonya kwa nguvu kila kiungio kilicholegea kidogo kinaanza kuingiza hewa ambayo siku zote kilikuwa hakiingizi. Ukifungua skurubu unakuta mapovu. Ni upepo kweli, ila umeletwa na kitu kingine, ukiutoa bila kushughulikia filta unarudi palepale. Na ndo maana ilisumbua kwenye mlima, tambarare injini inakunywa kidogo, hata filta iliyoziba inatosheleza, ukipanda inataka dizeli nyingi kwa wakati mmoja haipati. Moshi mweupe nao ni huohuo, dizeli isiyoungua vizuri pamoja na mvuke wa maji.

Tukaja kwenye matenki. Nikageuza valvu iwe kulia, nikachukua sampuli kwa kulegeza nati ya chini ya tenki, chupa ikajaa dizeli safi, vitone vya maji viwili vitatu vya kawaida ambavyo utavikuta hata kwenye gari jipya. Kushoto, kabla hata sijafungua chini nikapanda juu kuangalia mdomo wa tenki, na hapo kesi ikaisha.

Mfuniko sio wake. Ni wa gari lingine, meno yake hayashiki vizuri, raba ya ndani haipo, wameziba kwa mfuko wa nailoni na kitambaa. Halafu bati la juu la lile tenki limebonyea, limekuwa sinia, na mdomo uko katikati ya hilo bonde na shingo yake ni fupi, haizidi kidole kimoja. Nikamuuliza tingo, dogo hapa nani anakanyaga? Akacheka, akasema, "Mimi kaka, ndo napandia kufunga turubai." Kila siku mguu palepale, bati likashuka, mvua ikinyesha maji yanajaa kwenye lile sinia yanazunguka mdomo, kitambaa kinayanyonya taratibu na kuyashusha ndani. Gari ikiwa inatembea dizeli inarukaruka inapanda mdomoni, ikisimama tenki linapoa, hewa ya ndani inasinyaa, linavuta. Linavuta nini? Kilichopo pale mdomoni, yaani maji.

Mfuniko wa mwanzo ulienda wapi? Dereva akawa mgumu kidogo, baadaye akasema ulivunjwa kufuli usiku mmoja wamelala, wezi wakanyonya dizeli kwa mpira, na hakumwambia bosi kwa sababu alijua atakatwa. Akatafuta mfuniko wa mtumba akaweka. Simlaumu sana, ukiwa na bosi wa kukata kila kitu kwenye posho na wewe utaficha. Lakini mfuniko ule ndo karibu uondoke na pampu nzima.

Swali lingine la haki, mbona tenki limekaa na maji muda mrefu na gari ilikuwa inatembea? Kwa sababu mpira wa kunyonyea haugusi sakafu ya tenki, umeachwa juu kidogo makusudi, maji yanaweza kulala chini pale na gari inafanya kazi. Yakizidi kile kimo, au tenki likitikiswa sana barabara mbovu, yanachanganyika na dizeli yanavutwa. Ile mvua ya usiku waliojazia ndo iliongeza kilichobaki.

Kutoa sasa. Wakati nafika pale dizeli ya kushoto ilikuwa imeshavurugwa, imepita kwenye pampu na kurudi kwa riteni mara nyingi, maji yamekatika vipande vidogo vidogo yanaelea humo ndani, ukifungua nati wakati ule unamwaga dizeli na maji pamoja na mengi yanabaki. Nikasema gari ilale. Dereva hakupenda, mzigo una tarehe, lakini fizikia haina haraka. Tukaisogeza ikae upande wa kushoto chini, kona ile yenye nati ndo iwe bondeni, tukalala.

Asubuhi kabla mtu hajaitikisa hata kwa kufunga mlango nikaweka ndoo, nikafungua nati taratibu. Yakaja maji, ya kutu, mfululizo, karibu robo ya ndoo ya lita 20, halafu kitelezi, halafu rangi ikaanza kubadilika, ikaja dizeli, tukaiacha itoke mpaka chupa mbili mfululizo ziko safi. Yote tukaikusanya kwenye dumu. Vijana wa pale wakataka tuwaachie, kuna wanaoinunua wanaiacha itulie halafu wanaiuza tena kwa wenye mashine za kusaga, na wengine wangeimwaga tu pale chini. Pale kuna mto na mashamba ya vitunguu ya watu, dumu tulilipandisha Iringa.

Kuna mmoja pale akatushauri tumimine spiriti ndani ya tenki ili imeze maji. Huu ushauri unazunguka sana. Spiriti inachanganyika na maji kweli, halafu inayapitisha kwenye filta yanakwenda kwenye nozeli ambako ndo hatutaki yafike, na dizeli yako inakuwa inashika moto kirahisi kuliko inavyotakiwa. Maji kwenye nozeli sio mchezo. Dizeli ndo inayolainisha pampu na nozeli, maji hayalainishi, vyuma vilivyosagwa kupishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele vinaanza kulana na kushika kutu, na tone likifika kwenye ncha ya moto linageuka mvuke ghafla linaweza kuipasua.

Filta zote mbili tukatupa, tukaweka mpya. Kikombe tukakiosha kwa dizeli safi na brashi mpaka kikaonyesha ndani, sikutumia petroli maana nyingine zinakula plastiki. Filta mpya sikuijaza dizeli ya kumimina, hasa ile ya pili iliyo karibu na pampu, kwa sababu ukimimina kwa juu unaweza kupitisha uchafu upande ule ambao tayari umeshachujwa. Nikaifunga kavu, nikageuza valvu kulia kwenye tenki zuri, nikapampu kwa hendi pampu na skurubu ya filta imelegezwa. Mwanzo inakuwa nyepesi, mkono unakwenda tu bila kitu, inatema povu, baadaye inaanza kuwa nzito na dizeli inakuja mstari mmoja bila mapovu, unakaza huku bado unapampu. Ukahamia skurubu ya kwenye pampu yenyewe, hivyohivyo. Halafu nikalegeza nati za paipu za nozeli, tingo akapiga stata, kila paipu ikitema nakaza. Stata usiibane zaidi ya nusu dakika kwa mpigo, iache ipoe, nimeona watu wanatoa maji vizuri halafu wanaunguza stata.

Hapo kwenye kulegeza nati za nozeli nisisitize, hii ni kwa pampu ya mstari. Gari yenye komoni reli usiguse paipu za presha kubwa injini ikiwa inawaka au imezimwa sasa hivi. Kwenye injini nyingi za siku hizi presha ya mule inazidi bar 1,600, ikichomoza kwa kitundu kidogo inaingia kwenye ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo mno lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, mtu anaweza kupoteza mkono. Komoni reli unatoa upepo upande wa presha ndogo tu, na taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka unasimama pale unapoweza, humalizii safari. Zile nozeli hazisamehe kama hizi za zamani.

Ikawaka. Ilikohoa kidogo, moshi mweupe ukapungua, ikatulia. Sikuwaruhusu waende, tukaizungusha pale na mzigo wake, nikamwaga koki tena, yakaja matone kidogo yaliyobaki kwenye paipu, tukaondoka nami nimekaa ndani. Mwanzo wa Kitonga tukasimama, koki tena, safi. Tukapanda ile milima na kona zake bila kumisi. Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500 na usiku ni baridi, nikamwambia dereva asubuhi kabla hajawasha afungue tena, kwa sababu tenki lililobaki nusu likipoa unyevu wa hewa unagandia kwenye kuta na kushuka chini. Ndo sababu anayejaza jioni ana nafuu kuliko anayejaza asubuhi. Na sheli ukikuta lori la mafuta linashusha, kama unaweza kusubiri subiri, maana chochote kilichokuwa kimelala chini ya tenki lao saa hiyo kimeamshwa.

Kuhusu sheli, dereva alikuwa na risiti ya EFD na alitaka kabisa kwenda kulalamika EWURA. Nikamwonyesha chupa mbili, ya kulia na ya kushoto, risiti moja. Akaiweka mfukoni akanyamaza. Kama matenki yote mawili yangekuwa na maji ningemwambia aende, na aende na chupa zake zimefungwa.

Tenki la kushoto lilichomelewa upya Iringa, wakapandisha shingo, wakanyoosha bati na kuweka ngazi ya chuma pembeni ili dogo asikanyage tenki, mfuniko ukanunuliwa unaofanana nalo wenye raba na kufuli. Pampu haikushushwa. Bosi alilipa filta, kuchomelea na kazi yangu, akaniuliza kama akate hela ya mfuniko kwa dereva, nikamwambia ukimkata huyu, wa gari lako lingine ikivunjwa kufuli naye ataweka nailoni. Mpaka naandika hapa bado wanabishana.